Maganda Yaliyochelewa

Kitu cha kwanza ambacho watu wa mtaa wetu pale Kasongo walikuambia juu ya Prof ni kwamba hajibu salamu. Ungepita mbele ya nyumba yake saa kumi za jioni, ungemkuta ameketi barazani na chupa mkononi, chupa ya kioo iliyokuwa ya mayonezi zamani, mdomo umefunikwa kitambaa na kukazwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Ungesema, "Yambo, Prof." Asingegeuka. Macho yake yangebaki ndani ya chupa, na mwili ungetulia hata kuku wakampita juu ya vidole vya miguu. Kesho yake mngekutana sokoni, akakwambia kwa upole, "Jana ulinisalimia mara mbili. Yambo."

Hilo la pili ndilo lililowatia watu hofu. Kumbe alikuwa amesikia.

Alikuwa mwalimu wa biolojia kwenye shule yetu ya sekondari, na kwetu mwalimu wa sekondari huitwa Prof hata kama suruali yake ina viraka. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Kabambare. Wazazi walinipeleka Kasongo kwa shangazi nimalize masomo, na nyumba ya shangazi ilitazamana na ya Prof. Kwa hiyo nilimjua pande mbili, asubuhi ubaoni na jioni barazani. Ubaoni alikuwa mcheshi, alichora moyo wa chura hadi darasa zima likacheka. Barazani hakuwa na utani wowote.

Chupa zenyewe zilikaa chumba cha nyuma, kwenye mbao tatu, zaidi ya ishirini. Ndani ya kila moja mlikuwa na uji wa ndizi mbivu na kundi la inzi, wale wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zikianza kuoza. Chumba kilinuka utamu uliopita kiasi. Ukisimama humo bila kusema, baada ya muda ulisikia mchakacho mdogo sana wa miguu na mabawa kwenye kioo, na ukiendelea kusimama ulianza kudhani unatoka ndani ya sikio lako mwenyewe.

Nilipofika darasa la nne la sekondari alinichagua nimwandikie daftari, kwa sababu ya mwandiko wangu. Siku ya kwanza alitoa darubini ya shule, nzee, ya jicho moja, yenye kioo cha chini cha kukamatia mwanga wa jua. Akaniambia niiname.

"Unaona nini?"

"Mududu mweupe. Mutoto wa inzi. Anatambaa."

"Na ndani yake?"

"Kuko kitu nyeusi. Kidogo sana."

"Ile ni yai," alisema. "Lakini haiko yai ya inzi."

Ndipo akanieleza, polepole, kama mtu anayetaja mambo ya jirani. Kuna nyigu mdogo kuliko sisimizi, hana kelele, haumi watu. Hakuna anayemwita, harufu ya ndizi humleta. Huingia kwenye uji anakoishi buu, yaani mtoto wa inzi kabla hajapata mabawa, humchoma mara moja na kumwachia yai ndani ya mwili. Buu haachi kula. Anaendelea kama hakuna kilichotokea. Lakini ndani yake shindano limeanza. Damu ya buu ikilitambua lile yai mapema, sehemu ya damu hiyo hugeuka, huwa bapa, hulizunguka yai tabaka juu ya tabaka, kisha mfuko huo hugeuka mweusi na kilichomo hufa. Buu anakua, anajifunga kwenye ganda la kahawia kama punje ya mchele, na siku ya kumi hivi anatoka akiwa inzi kamili, mwenye nukta nyeusi tumboni hadi siku ya kufa kwake.

"Na damu ikichelewa?" niliuliza.

"Ganda linakuwa lilelile. Kwa nje hakuna tofauti."

Na kweli haikuwapo. Siku ya kumi na mbili inzi wote wa kutoka walikuwa wameshatoka. Prof aliyachukua maganda yaliyobaki yamefungwa, akayaweka kwenye chupa ya peke yake iliyoandikwa "waliochelewa". Tulingoja wiki moja zaidi. Halafu asubuhi moja nilikuta ganda limetobolewa kwa duara safi, na juu yake amesimama nyigu mweusi anajifuta uso. Nyigu, alinieleza Prof, alikuwa amekula mafuta kwanza, kisha nyama, na viungo vya kushikilia uhai alivigusa mwisho kabisa, ili chakula kisioze.

Nilirudi kwa shangazi nikashindwa kula. Juma lile binamu yangu alikuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila, baada ya miaka miwili bila habari. Alikuwa amejifunza kucheka kwa namna nyingine, na jioni nzima mezani nilimtazama nikihesabu siku, mpaka shangazi akaniuliza nimeona nini usoni mwa mtoto wa watu.

Prof alikuwa na neno moja alilolikataza. Vitabu vyote vya shule husema damu ina askari wake. Mwanafunzi akiandika "askari" kwenye mtihani, Prof alilikata kwa wino mwekundu, hata kama jibu lingine lote ni sahihi. Mwenzetu mmoja alilalamika.

"Kitabu kimesema askari, Prof."

"Askari anatoka fasi ingine, anakuya kwenu," alijibu. "Wewe umekaa Kasongo, unajua ginsi wanakuya na ginsi wanaenda. Hii haitoke popote. Ni damu yenyewe inaacha kazi yake, inageuka ukuta. Usiite ile askari mbele yangu."

Wote tulijua alikuwa akizungumzia vita, na hakuna aliyetaka aendelee.

Alikuwa Mwislamu wa jamii za zamani za mji, wa swala tano, na kila siku ya soko alivuka mji mzima na chupa ya lotoko mkononi, ile pombe kali ya mahindi na mihogo inayopikwa na akina mama wa pembeni mwa mji. Hakuifunga kwa gazeti wala kuificha chini ya koti. Maneno yakafika msikitini, na alasiri moja shehe mwenyewe alikuja hadi barazani. Nilikuwepo na daftari langu.

"Ndugu, ile chupa iko na nini?"

"Lotoko, Shehe."

"Unakunywa?"

"Hapana. Wanakunywa watoto wa inzi."

Shehe alidhani anadhihakiwa. Prof hakumbishia, alimpeleka chumba cha nyuma. Kulikuwa na chupa pana yenye visahani viwili, kimoja cha ndizi tupu, kingine cha ndizi iliyochanganywa na lotoko. Prof akaeleza kwamba inzi jike huzaa kwenye ndizi tamu. Lakini akishamwona nyigu, huiacha ile tamu na kwenda kuzaa kwenye kali, kwa sababu pombe ile buu anaivumilia, ila kitoto cha nyigu kilicho ndani ya buu huungua nayo.

Shehe aliinama kwenye darubini muda mrefu. Mayai kwenye sahani ya lotoko yalikuwa mengi. Kwenye ile nyingine yalihesabika kwa vidole.

"Na nyigu iko wapi?" aliuliza.

"Nilimutoa juzi. Hayuko tena ndani. Lakini mama inzi bado anazaa kwenye kali. Amemuona mara moja tu, na bado anamuona."

"Nani alimufundisha?"

"Sijui, Shehe. Mama yake mwenyewe hajapata kumuona nyigu. Hawa walizaliwa ndani ya chupa yangu, na nyanya zao pia."

Shehe alivaa viatu vyake taratibu. Mlangoni alisema, "Ifunge vizuri ile chumba," akaenda. Maneno ya lotoko yaliisha siku hiyohiyo, lakini niliona kwamba shehe hakupita tena barabara yetu. Alizunguka kwa nyuma.

Mke wa Prof, ambaye sote tulimwita Mama Prof, aliuza vitenge sokoni na alikuwa na ulimi mwepesi. "Bwana yangu iko na wake wengi," alikuwa akiwaambia wateja, "wote wana mabawa." Lakini ndiye aliyeponda ndizi, ndiye aliyefua vitambaa vya chupa. Hawakujaaliwa mtoto. Aliniambia mara moja, tukipepeta mchele, kwamba mwanzoni aliichukia ile harufu, na sasa akisafiri hapati usingizi bila hiyo. "Mutu anazoea," alisema. "Hiyo ndiyo inaniogopesha."

Kazi ambayo Prof aliipenda kuliko zote ilikuwa ukoo wa wenye nukta. Kila kizazi alichagua inzi wenye ile alama nyeusi tumboni, waliochomwa wakapona, akawaweka pamoja wazaane, kisha akawaachia nyigu watoto wao tena. Baada ya vizazi vichache karibu wote walipona. Nilipokaribia kumaliza shule ukoo huo ulikuwa na ubao wake wa peke yake, na alizungumza nao kwa sauti ya chini ambayo hatukuisikia darasani.

Halafu akafanya jambo lililomsikitisha. Aliwatia watoto wa wenye nukta pamoja na watoto wa inzi wa kawaida, kwenye ndizi kidogo isiyowatosha. Hapakuwa na nyigu hata mmoja. Wa kawaida walikula haraka wakajifunga kwenye maganda. Wenye nukta walikula polepole, na wengi walikufa wamezungukwa na maganda ya wenzao.

"Kujikinga kunakula chakula," aliniambia niandike. "Mwili iko tayari kwa adui siku zote, hata adui hayuko. Sasa wanakufa na njaa juu ya nyigu ambaye hayuko."

Hata hivyo hakuwaacha. Aliwapa ndizi nyingi zaidi kuliko chupa nyingine, wakati mwingine zaidi ya zilizobaki kwa chakula cha jioni, na Mama Prof aliona.

Mwenye macho namna ile alipaswa kujitazama pia. Hakujitazama. Kila likizo alikwenda kwenye maporomoko ya mto kukusanya wadudu, akisimama majini kutwa, na visubi wa mtoni walimng'ata shingo na miguu. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani ugonjwa wanaouacha, usubi, ule unaoishia kwenye macho. Ni yeye aliyegawa vidonge vya ugonjwa huo kila mwaka. Alikuja na fimbo ya kupimia, akamsimamisha kila mtu kando yake, na urefu wako ndio ulioamua umeze vingapi. Alihakikisha umemeza, alikuambia ufungue kinywa.

Nilisomea kazi ya maabara nikapata nafasi kwenye hospitali ndogo Kabambare. Miaka ikapita. Siku moja ya kiangazi, karibu saa sita mchana, pikipiki ilisimama uani, na abiria aliyeshuka alikuwa mwekundu wa vumbi hadi kwenye nyusi. Sikumtambua mpaka alipolikaribia dirisha la maabara na kusimama bila kusema, akinitazama.

"Yambo, Prof," nilisema.

"Yambo, mwanangu." Alijibu papo hapo, na hapo ndipo nilipojua kuna jambo baya.

Alisema macho yameingia ukungu, na ngozi inawasha. Kisha akainua shati akanionyesha uvimbe mgumu juu ya mfupa wa nyonga, mkubwa kama njugu mbili. "Hii usiangaike nayo," alisema. "Ni kipande ya chuma, ya wakati wa vita. Niko nayo miaka mingi. Mwili umeifunga."

Nilikata ngozi kidogo sana pale nyongani, kama tunavyowafanyia wote, nikaiweka kwenye tone la maji ya chumvi, tukangoja. Nilipoinamia darubini niliona walivyokuwa wakitoka kwenye kile kipande cha ngozi, vinyoka vidogo vyeupe, wanajikunja na kujinyoosha, wengi hata sikuweza kuwahesabu. Nilibaki nimeinama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Sogea," alisema.

Aliweka jicho lake lenye nafuu. Akatulia kwa namna ile ya barazani, pumzi haisikiki. Mgonjwa aliyekuwa kwenye benchi aliacha kukohoa akamtazama.

"Wametoka kwangu?" aliuliza hatimaye.

"Ndiyo, Prof."

"Wazuri," alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya chumba cha nyuma.

Nilimuuliza kuhusu vidonge. Hapo alijitenga na darubini na kukaa chini. Mwaka wa kwanza alimeza, alisema. Uso ulimvimba, ngozi ikawaka moto siku tano. "Nilisikia ginsi wanakufa. Chini ya ngozi, moja-moja, kila fasi. Mwaka wa pili niliandika jina yangu kwamba nimemeza. Na mwaka uliofuata. Nilifungua vinywa vya watu wote, yangu hakuna mutu alifungua."

Munganga wetu, yaani daktari wa hospitali, aliukata ule uvimbe siku ya pili. Prof aliomba niwepo, nimweleze ninachoona. Hakikuwa chuma. Munganga alipoupasua kwenye sahani ya maji ya vuguvugu, ndani mlikuwa na nyuzi nyeupe, ndefu, zimeviringana kama uzi uliotupwa na mshonaji, na mmoja wa nyuzi hizo uliinua ncha yake ukaishusha tena.

"Sema," aliniambia akiwa amelala ubavu.

"Ni minyoo, Prof. Iko hai."

"Mufuko iko namna gani?"

"Mnene. Una mishipa ya damu."

Alifumba macho. "Basi mwili haukuwafunga," alisema. "Uliwajengea nyumba. Na kuwaletea chakula."

Alimeza vidonge mbele yangu, nikamwambia afungue kinywa, akafungua. Siku tatu uso wake ulivimba hadi macho hayakuonekana. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji baridi, na mchana mmoja alinishika mkono ghafla akaniambia ninyamaze, ingawa sikuwa nimesema neno. Alikuwa akisikiliza. Alipona, akarudi Kasongo kwa pikipiki. Lakini ukungu ulioingia machoni haukutoka tena. Vidonge huzuia ubaya mpya, haviwezi kurudisha kilichokwishaliwa.

Mwaka jana nilikwenda Kasongo kwenye matanga ya shangazi yangu. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, nilivuka barabara. Mama Prof alinifungulia. Nywele zake zilikuwa nyeupe. Prof alikaa barazani, mahali pake, na uso wake ulifuata sauti ya viatu vyangu. Sasa aliona mwanga na kivuli tu. Tulizungumza juu ya shangazi, juu ya barabara, juu ya wanafunzi wenzangu. Hakuuliza habari za hospitali.

Kisha akamwambia mkewe, "Lete ile."

Mama Prof alileta chupa moja. Kwenye mbao za nyuma, nilichungulia, hapakuwa na nyingine zenye uhai. "Hawa ni wenye nukta," Prof alisema. "Wa mwisho. Mama anawalisha, lakini yeye haone vizuri vitu vidogo. Niangalilie. Wanatoka sawa?"

Nilipokea chupa nikaielekeza kwenye jua. Uji ulikuwa umekauka. Ukutani mwa kioo maganda yalikuwa yameshikamana kwa makumi, kila moja na tundu la duara, safi. Juu yao walitembea nyigu. Nilizungusha chupa pande zote. Hapakuwa na inzi hata mmoja.

Niliinua macho. Mama Prof alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe. Alitikisa kichwa mara moja, taratibu, kunikataza, midomo imefungwa. Nikaelewa kwamba haoni vibaya hata kidogo, na kwamba amejua siku nyingi.

"Wanatoka sawa, Prof," nilisema.

"Ni inzi?"

"Ni inzi."

"Wote?"

"Wote."

"Na nukta?"

"Wako nayo."

Alitabasamu, akanyoosha mikono, nami sikuwa na sababu ya kumnyima. Alivua mpira, akatoa kitambaa, akaufunika mdomo wa chupa kwa kiganja chake, kisha akaigeuza juu chini. Tuliwaona wakishuka kwenye kioo, mmoja, wawili, wengi, wakapanda kwenye ngozi yake. Tabasamu lilibaki usoni kitambo. Halafu likaondoka, bila hasira yoyote. Ule utulivu wa zamani ukamshika kuanzia mabegani.

"Wanagonga," alisema.

Mama Prof aliushika mgongo wa kiti.

"Inzi anakimbia, anasimama, anakimbia. Hagongi. Hawa wanagonga, wanatafuta buu."

"Nisamehe, Prof," nilisema.

"Usiseme kwa nguvu," alijibu. "Wanasikiliza."

Mama Prof aligeuka akatazama barabara. Mimi nilitazama kiganja. Walikuwa wakitembea juu yake kuanzia vidole hadi kifundo cha mkono, wakipapasa, wakisimama, wakipapasa tena mbele kidogo, bila haraka, wakitafuta palipo laini. Nilingoja autoe mkono. Hakuutoa.